Ukimya Tuliupenda, Sokoni Tukaogopa



Tuanze kwa kukiri. Wengi wetu katika nyumba hii ya malezi tulifurahia kufungiwa. Tunalisema jambo hili kwa sauti ya chini, kwa maana tunajua kwamba kati yenu wapo waliopoteza kazi, wapo waliozika wazazi wao kwa simu, na wapo waliolala njaa. Lakini ungamo bila ukweli si ungamo. Tangu saa moja jioni ya tarehe 6 Aprili 2020, njia za kuingia na kutoka Nairobi zilipofungwa, mpaka vizuizi vilipoondolewa tarehe 7 Julai, tulipata kitu ambacho mafungo ya kila mwaka hayajawahi kutupa: miezi mitatu ya ukimya.

Hapakuwa na kukimbilia darasani, kwa sababu masomo yalihamia mtandaoni. Hapakuwa na utume wa Jumamosi parokiani, wala wageni, wala kelele za matatu langoni baada ya saa ya kafyu. Kulikuwa na Masifu ya Asubuhi, Misa, chai, vitabu, bustani, Rozari na usingizi. Ndugu mmoja, ambaye zamani hakuweza kukaa kanisani dakika kumi bila kugeuka kuona nani ameingia, alianza kukaa saa nzima mbele ya Ekaristi. Mwingine alimaliza kitabu cha metafizikia alichokuwa akikikwepa tangu mwaka wa kwanza. Wenzetu kutoka Tanzania walipigiwa simu na wazazi wao, ambao huko makanisa yalibaki wazi, wakiulizwa kama wanateseka. Walijibu, “Tunaomba mtuombee,” kisha wakakata simu na kurudi bustanini wakitabasamu.

Tukiri na la pili. Kitu tulichokiogopa kuliko vyote katika miezi hiyo hakikuwa mtihani, wala hata habari za jioni zenye idadi ya wagonjwa wapya. Kilikuwa karatasi iliyobandikwa ubaoni kila Jumanne baada ya Masifu ya Jioni. Ilikuwa orodha ya vitu vya kununua, na chini yake majina mawili ya watakaokwenda kuvinunua.

Orodha ya Jumanne

Kabla ya ugonjwa huu, hakuna kati yetu aliyejua bei ya unga. Mama anayetupikia ndiye aliyekuwa akinunua kila kitu. Alifika asubuhi kwa matatu, akashuka sokoni kwanza, kisha akaingia langoni na mifuko miwili. Sisi tulikikuta chakula mezani, tukakibariki, tukakila. Kafyu ilipotangazwa kuanzia tarehe 27 Machi, tukakubaliana nyumba nzima kwamba mama abaki nyumbani kwake kwa muda, “kwa usalama wake na wetu”. Leo tunaweza kusema ukweli kwamba ulikuwa zaidi usalama wetu.

Kwa hiyo tukajifunza. Wawili wa kwanza walirudi na pakiti sita za unga za kilo mbili mbili, wakijisifu kwamba wameweka akiba ya wiki. Sisi ni vijana 18. Tulikula ugali mara tatu, unga ukaisha. Waliofuata walisahau chumvi. Waliofuata hao walinunua vitunguu vingi mno, vikaota majani ghalani.

Lakini kukosea hesabu hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kule kwenda kwenyewe. Nje ya duka kubwa kulikuwa na mistari iliyochorwa chini, kila mtu na mstari wake, na foleni iliyopinda mpaka kwenye maegesho. Mlangoni, askari alikuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola, nawe ukaanza kujiuliza kama jua la foleni limekupandisha joto. Ndani, barakoa ilitia ukungu kwenye miwani. Mkono mmoja ulishika orodha, mwingine ulisukuma kigari ambacho hukujua nani alikisukuma kabla yako. Mtu akija kwenye rafu uliyosimama, unashika pumzi. Mtu akikohoa karibu na sukari, watu wanatawanyika kama waliomwona nyoka, na sukari unaiacha. Wakati huo wote unatazama saa, maana kabla ya saa moja jioni lazima uwe umefika nyumbani.

Na kurudi nyumbani nako kulikuwa na adhabu yake. Viatu langoni. Nguo kwenye beseni. Mifuko ikaachwa juani. Usiku ule wawili waliotoka walikula meza ya mwisho, na hakuna aliyetaka kupokea bakuli kutoka mikononi mwao. Tulicheka, tukawaita wakoma. Kicheko kile hakikuwa kizuri, ila tulikuja kukigundua baadaye.

Vitunguu vya mzee

Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi wa Mei. Tulikuwa wawili kwenye foleni ya kulipia. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja aliyebeba kofia mkononi, na mfuko wake wa vitunguu ukachanika. Vitunguu vikabingirika mpaka miguuni petu. Mmoja wetu alirudisha mguu nyuma. Mwingine alitazama mstari uliochorwa chini, kana kwamba anausoma. Hakuna aliyeinama. Mzee alianza kuinama mwenyewe, taratibu, akishika kiuno.

Aliyeviokota alikuwa kijana wa duka, wa umri wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya vigari. Mikono yake ilikuwa imegusa kila kigari kilichoguswa na kila mtu tangu asubuhi. Aliviokota vyote, akaenda kuleta mfuko mwingine, akampa mzee, kisha akapaka dawa mikononi na kurudi kwenye vigari. Labda dakika moja na nusu, yote kwa yote. Mifukoni mwetu tulikuwa na chupa mbili za dawa hiyo hiyo.

Jioni, baada ya Sala ya Mwisho, tulisimulia. Hakuna aliyetulaumu, na hilo ndilo lililotusumbua, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba naye asingeinama. Tulikuwa tumetoka kanisani. Tulikuwa tumekaa saa nzima na Bwana kwa amani kubwa. Na amani hiyo haikutufikisha mpaka kwenye kitunguu.

Mizizi miwili ya kukaa peke yako

Kanisa halijawahi kudharau ukimya. Bwana mwenyewe alijitenga mlimani kusali usiku, na kabla ya kuanza utume alikaa jangwani siku arobaini. Mtakatifu Antoni wa Misri aliuza alivyo navyo akaenda jangwani, na watawa wengi wakamfuata. Kwa hiyo hatusemi kwamba furaha yetu ya miezi mitatu ilikuwa kosa. Waseminari wanaoweza kukaa kimya ni zawadi kwa Kanisa, hasa katika mji kama huu ambao hata sala zake zinapigiwa vipaza sauti.

Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye sisi wa falsafa tunamsoma kila wiki, ana jambo la kutuambia. Katika Summa Theologiae anauliza kama maisha ya mtawa anayekaa peke yake ni bora kuliko ya wale wanaoishi katika jumuiya. Jibu lake ni la mwalimu mwenye busara. Anasema upweke si ukamilifu wenyewe. Ni chombo cha kuufikia, kama ufukara ulivyo chombo. Na chombo hicho kinamfaa aliyekwisha kukomaa. Anayejifunza bado anahitaji wenzake wa kumfundisha na kumsahihisha. Kisha, akimfuata Aristotle, anaonyesha kwamba mtu anaweza kukaa peke yake kwa sababu mbili zilizo mbali kama mbingu na nchi. Mmoja hukaa peke yake kwa kuwa hawezi kuwavumilia watu, na huyo ameshuka chini ya ubinadamu. Mwingine hukaa peke yake ili aambatane na Mungu kabisa, na huyo ameinuliwa.

Ukiwatazama kwa nje, watu hawa wawili wanafanana. Wote wamefunga mlango. Wote wana kitabu. Wote wanasema wamepata amani. Sasa nani atajua yupi ni yupi, hata kama ni yeye mwenyewe? Hoja yetu ni kwamba utawajua wakitoka nje. Wapeleke sokoni wote wawili wakiwa na orodha. Aliyekaa na Mungu atamwona mzee wa vitunguu. Aliyekuwa amewachoka watu ataona hatari inayotembea kwa miguu miwili.

Wazee wetu walisema upweke ni uvundo. Hawakuwa wakikataza sala ya faragha. Walijua tu kwamba maji yasiyotoka huoza, hata yakiwa yametoka chemchemi safi.

Antoni tuliyemtaja anathibitisha hili. Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba dhuluma dhidi ya Wakristo ilipopamba moto, Antoni aliacha upweke wake akashuka Aleksandria kuwahudumia waungama imani waliokuwa migodini na magerezani. Hatari ilipokuwa kubwa zaidi, ndipo alipotoka. Dhuluma ilipokwisha, akarudi.

Je, woga ni dhambi?

Hapa wapo watakaotupinga, na tunawasikia. Watasema: ninyi mnataka tufanye uzembe? Ugonjwa ulikuwa wa kweli, umbali ulikuwa amri halali, na kumlinda mwenzako kwa kutomkaribia ni upendo.

Tunakubali. Barakoa ilikuwa upendo. Kunawa mikono kulikuwa upendo. Mapadre wazee walio katika nyumba yetu wako hai leo, na tunamshukuru Mungu, kwa sababu tulishika masharti. Busara ni fadhila ya kwanza kati ya zile nne kuu, na asiyeijali anamjaribu Mungu. Hata tunapomkumbuka Mtakatifu Aloisi Gonzaga, mwanafunzi wa teolojia aliyefariki Roma tarehe 21 Juni 1591 akiwa na miaka 23 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni, hatuna haki ya kumgeuza kisingizio cha kutupa barakoa. Mwaka 2020 kumbukumbu yake iliangukia Jumapili, kwa hiyo haikuadhimishwa katika liturujia, lakini wengi wetu tulimfikiria siku hiyo. Alikuwa mdogo kuliko baadhi yetu.

Tofauti tunayoitafuta ni ndogo na ni kubwa. Busara inauliza: nitamsaidiaje huyu bila kumdhuru wala kujidhuru? Woga unauliza: nitaondokaje hapa? Maswali yote mawili yanaweza kumfanya mtu asimame umbali wa mita moja. Lakini la kwanza linamwacha mwenzako akiwa mtu, na la pili linamfanya kuwa tatizo. Siku ile ya vitunguu, busara ingeinama, ingeokota, ingepaka dawa. Ilichukua dakika moja na nusu kwa kijana ambaye hakusoma falsafa.

Nani alilipia ukimya wetu?

Tarehe 27 Machi, siku ile ile kafyu ilipoanza hapa Kenya, tulikusanyika mbele ya televisheni kumtazama Baba Mtakatifu Fransisko akitembea peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Injili ilikuwa ya dhoruba ziwani. Alipowataja watu wa kawaida waliokuwa wakiubeba ulimwengu mgongoni, aliwataja pamoja na madaktari na wauguzi pia wafanyakazi wa maduka makubwa na wafanya usafi. Tulisikiliza tukaguswa. Hatukufikiri kwamba alikuwa akizungumza juu ya kijana wa vigari tuliyekuwa bado hatujamwona.

Ukimya wetu ulikuwa na bei, ila risiti ilikwenda kwa wengine. Ulilipiwa na madereva wa malori ya mboga, na wakulima ambao tuliendelea kula viazi vyao. Ulilipiwa na mama mboga wa karibu na lango letu, ambaye tulimhama kwa miezi miwili kwa sababu kibanda chake hakikuwa na kipimajoto, tukakimbilia duka lililojaa watu mara kumi. Alitusalimu kila tulipopita na mifuko ya nyanya za kununua kwingine. Hakusema neno.

Ulilipiwa pia na mama yetu wa jikoni. Aprili alilipwa mshahara wote. Mei alilipwa nusu. Juni, michango ya wafadhili ilipopungua, hakulipwa. Yeye alifungiwa kama sisi, lakini kufungiwa kwake kulikuwa kwa namna nyingine: chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, watoto wanne wasiokwenda shule, na maji ya kununua kwa mtungi. Tukimwambia mama huyu kwamba miezi hii ilikuwa mafungo mazuri, tutakuwa tumemtukana. Ukimya ambao mtu mmoja anaupata kwa kuwa mwingine amenyang'anywa kazi si ukimya wa Injili bado. Lazima kwanza deni lilipwe.

Tufanye nini basi?

Kwa sisi waseminari tunapendekeza mambo matatu, na tumeyapeleka kwa walezi wetu.

Kwanza, orodha ya Jumanne isiondolewe. Mama amerudi, ndiyo, lakini kila wiki wawili wetu waende naye sokoni. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 31, inazungumza juu ya mtawa anayetunza ghala la monasteri, na inamtaka avitazame vyombo na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwa Benedikto, basi, njia ya kutoka altareni mpaka kwenye gunia la maharagwe ni moja. Padre asiyejua bei ya unga atahubirije juu ya mkate wetu wa kila siku kwa watu wanaoihesabu shilingi moja moja?

Pili, mshahara wa mama wa miezi iliyopungua ulipwe. Tumekubaliana kuchanga kutoka posho zetu ndogo, na tumewaomba walezi waongeze. Hatuiiti sadaka, kwa sababu ni haki yake.

Tatu, mboga zinunuliwe kwenye kibanda cha karibu na lango. Tulirudi kwake tarehe 10 Juni tukiwa na aibu. Alituuliza, “Wanangu, mlikuwa mmesafiri?” Tukasema hapana, mama. Akatuongezea fungu moja la sukuma wiki juu, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kwenu ninyi waamini wa parokia, tunalo moja tu. Makanisa yalifunguliwa kuanzia tarehe 14 Julai 2020, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda usiozidi saa moja. Wazee na watoto walitakiwa kusubiri bado. Walikuwapo pia waliokosa nafasi. Lakini wapo kati yetu wenye afya na nafasi ambao wamegundua kwamba Misa ya kwenye televisheni inapendeza: hakuna foleni, hakuna mtoto anayelia nyuma, hakuna jirani wa kumtakia amani ambaye hukumpenda tangu zamani. Mtu anakaa kwenye kochi na kikombe cha chai, anasali komunyo ya kiroho, anazima. Katika miezi ya hatari, Kanisa lilitupa njia hiyo kama mgonjwa anavyopewa mkongojo. Sasa kila mmoja ajichunguze: je, ninabaki nyumbani kwa sababu ya afya, au nimeanza kumpenda Mungu asiye na watu? Swali la Tomaso ni letu sote.

Na wale mtakaorudi, mkitoka kanisani msikimbilie magari. Nyumba ya tatu kutoka kwako yupo mzee ambaye hajaongea na mtu kwa miezi mingi isipokuwa kwa simu. Ukimya wetu tuliuchagua, yeye wake umemwangukia. Simama mlangoni kwake. Muulize kama ana unga.

Mama alirudi jikoni tarehe 8 Julai. Alifungua ghala, akatazama vitunguu vilivyoota, akatazama maboksi ya sabuni tuliyonunua kwa hofu, yatakayotutosha mpaka Krismasi. Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akachukua kalamu akaanza kuandika orodha mpya, huku akiuliza nani anakwenda naye kesho. Palikuwa kimya kidogo. Halafu mikono miwili ikanyooshwa, kisha mitatu.